Gitaa la Gideon Limerudi Peke Yake

Mama, shikamoo.

Gitaa la Gideon liko kitandani kwako. Mwasiti asiliguse, tafadhali. Baba aende msikitini kwa miguu, nimechukua baiskeli yake.

~~Gideon ametangulia kwenye tamasha.~~ Si kweli. Asubuhi tulipanda gari la wanamuziki kwenda mjini. Kwenye kizuizi askari aliisikia lafudhi yake ya Kongo, akaniuliza, "Kijana, huyu ni wa kwenu?" Miaka miwili tumekula naye sahani moja, na wewe ulishatuambia tujibu kwamba ni mtoto wa mjomba. Nikaiwazia ajira yangu mpya, nikaogopa kuipoteza. Nikasema, "Tumempa lifti tu."

Wakamshusha, maana hana kibali cha kuishi nje ya kambi ya wakimbizi. Hakunilaumu. Alinikabidhi gitaa akasema, "Kaka, usiliweke juani, litaharibika." Nilishindwa hata kumtazama.

Sasa narudi kizuizini kusema ni ndugu yangu, na kwamba nilimkana kwa woga. Waandaaji wa tamasha wakija kumwulizia, waambie kosa ni langu.

Tuwekeeni chakula cha watu wawili. Bila yeye sirudi.

Mwanao,
Gharib