Lita Mbili za Ziada

Kiwanda cha Ngozi,
Nyuma ya Soko Kuukuu,
S.L.P. 118.
14 Mei

Mpendwa Dada,

Hujambo? Magoti yamepoa? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakula vizuri, ila bado anamwekea Kobe sahani yake mezani, na hakuna anayethubutu kuiondoa.

Hii ni barua ya tatu. Mbili hukuzijibu. Sawa, nimeyataka mwenyewe. Lakini najua Kobe, mdogo wetu, yuko kwako, na simu zangu kumi na moja hakupokea hata moja.

Kiwanda hiki nilikianza na mapipa manne, sikubebwa na mtu. Kusafisha maji machafu ya ngozi ndiko pekee nilikomwachia mwingine, naye ni huyo mdogo wetu: asidi kwanza, kisha chumvi ya chuma, kisha peroksaidi, ile dawa inayoteketeza uchafu, mwisho chokaa. Alimimina kwa jagi kidogo kidogo, saa mbili nzima. Ndipo jina la Kobe likamganda. "Kobe, ngozi zitaota manyoya tena," nilimtania. Naye: "Kaka, dawa haichapwi mijeledi."

Siku ya mkaguzi nilifika kabla ya wote. Maji yalikuwa tayari, lakini hofu ilinishika. Nikaongeza lita mbili za peroksaidi kwenye tangi la lita elfu mbili, nikidhani dawa ikizidi na usafi huzidi. Sikumwambia mtu.

Kipimo cha uchafu kikatoka 390. Ukomo ni 250. Tukafungiwa. Mbele ya wafanyakazi wote nikamwita mdogo wangu mzembe, nikasema amekula jasho langu miaka tisa. Alijibu hivi tu: "Pimeni tena baada ya siku chache, kaka." Nikamwonyesha lango. Akaliosha jagi, akaliinamisha likauke, akaenda zake.

Siku ya nne binti wa maabara akapima maji yaliyosalia katika chupa ileile ya sampuli ya mkaguzi: 210. Akaniuliza, "Mzee, kuna aliyeongeza dawa baada ya chokaa?" Kumbe peroksaidi iliyobaki majini, kipimo huihesabu kama uchafu, hadi iishe yenyewe. Maji ya Kobe yalikuwa safi.

Kisha nikafungua daftari lake. Tarehe ile ameandika: "Mtungi umepungua lita 2." Halafu ameukata mstari huo kwa kalamu, mara mbili. Alijua, dada. Akanisitiri, nami nilikuwa namvua nguo mbele za watu.

Tumefunguliwa. Kibali kipya kina nafasi ya jina la msimamizi wa maji, nami nimeandika lake. Mkaguzi akauliza yuko wapi. Nikasema amesafiri.

Msomee barua hii. Akikataa kusikiliza, isome ukiwa jikoni, mlango wazi.

Mama anakusalimu, na wifi yako pia. Wabusu wapwa zangu. Mungu awalinde nyote mlio chini ya paa hilo, yeye wa kwanza.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye ingawa hunijibu.