Mume wangu alisema "kulia", ndugu yangu akaenda kulia

Mpendwa Bi. Waridi,

Naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, kwa sababu mwisho wa mwezi kuna mbio za Ruiru na mama yangu amesema atakuja kusimama kando ya barabara amwangalie mume wangu akikimbia, na mimi nikiifikiria siku hiyo naunguza chakula jikoni.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Landless hapa Thika, nashona sare za shule. Mume wangu Muigai anafanya kazi kiwanda cha nguo, na kazi ikiisha yeye ni mtu wa michezo, si mpira kama wanaume wengine, ni ile michezo mitatu inayofuatana siku moja, unaogelea, unatoka majini unaruka juu ya baiskeli, unashuka kwa baiskeli unakimbia, na hakuna anayewalipa, wanajipeleka wenyewe, na majirani wamewacheka mpaka wakachoka. Mashindano yenyewe huwa katikati ya mwaka lakini mwaka ukianza wanaingia kwanza mbio za baiskeli na mbio za miguu ili miili iamke. Ndugu yangu Gathogo, kitinda mimba wa mama, alikuwa na ugonjwa huohuo. Alikuwa akiishi na mama Mwihoko na akiendesha baiskeli na vijana wa Ruiru kwenye zile barabara za mashamba ya kahawa, mpaka Januari hii Muigai akamshawishi ajiunge na kikundi cha Thika kwa sababu huku kuna bwawa na kuogelea ndiko kulikomshinda. Muda wote walikuwa naye majini. Kwa baiskeli hawakumhangaikia, miguu yake ilikuwa na nguvu kuliko yao. Nilifurahi, Bi. Waridi, nataka ujue hivyo, nilifurahi kwa sababu Jumapili nilikuwa nawapikia wote wawili na nyumba inajaa kelele.

Mwezi wa pili kulikuwa na mashindano ya baiskeli, na unajua vile mvua ya El Nino iliacha barabara zetu, lami imekatika, kuna mashimo yanayomeza ndoo nzima. Wanaendesha kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, karibu sana, ili wa mbele awakinge upepo, na wa nyuma haoni barabara, anaona mgongo tu, kwa hivyo wa mbele akiona shimo anapaaza sauti na wengine wanalifuata neno lake bila kufikiri. Muigai alikuwa mbele. Gathogo alikuwa nyuma yake, mara yake ya kwanza kukaa kwenye mstari wao, na nyuma ya Gathogo alikuwa Kiilu, rafiki yao. Muigai akasema "kulia" na Gathogo akaenda kulia, akaingia kwenye shimo, akaanguka kwa kichwa. Alifikishwa hospitali akiwa bado anapumua lakini hakufungua macho tena, na jioni akatuacha.

Kwenye mazishi mtu mmoja wa kikundi alisimama akasema, kwa nia ya kutufariji, kwamba Muigai alimwonya Gathogo kwa sauti kubwa lakini bahati mbaya hakushika. Mama aliinuka mbele ya watu wote akamshika Muigai mikono, na wewe unajua kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali, hawashikani hivyo, akamwambia, "Asante mtoto yangu. Wewe ulimwambia. Ni yeye alikuwa kichwa ngumu." Tangu siku hiyo mama amemkasirikia marehemu. Hataki jina lake litajwe, viatu vyake vya kukimbilia amewapa wapita njia, kaburi halijapandwa hata ua moja, na akina mama wa kanisa wakija kumliwaza anawaambia huyo alijimaliza kwa kiburi, aliambiwa akakataa kusikia. Halafu anamtumia Muigai maziwa na ndizi, anamwita mtoto wake, na ndiye aliyemwomba akimbie hizo mbio za Ruiru ili naye apate mtu wa kumshangilia.

Baadaye vijana wa Ruiru walikuja wafanye safari ya baiskeli ya kumkumbuka Gathogo, wao na watu wa Thika pamoja, polepole, bila kushindana. Kijana wa Ruiru alikuwa mbele, Muigai alikuwa wa mwisho kabisa. Yule wa mbele akasema "kulia" na Muigai akaona vijana wote wa Ruiru wanasogea kulia, kwa utaratibu mzuri, na shimo linabaki kushoto kwao. Kumbe watu wa Thika wakisema kulia wanamaanisha shimo liko kulia, lihepe, na watu wa Ruiru wakisema kulia wanamaanisha njia iko kulia, pita huko. Na hakuna aliyefikiria kumweleza Gathogo, maana utaanzaje kumweleza mtu mzima maana ya kulia? Muigai alishuka kwenye baiskeli akakaa chini kando ya barabara, wenzake wakadhani ni majonzi tu. Alipofika nyumbani nilikuwa naosha vyombo. Akasema, "Wamboi, mimi ndio nilimwambia aende huko. Na yeye akaenda." Kiilu naye alipoulizwa alikubali kwamba Gathogo hakuyumba, alihama kulia makusudi, kama mtu anayejua anachofanya. Katika familia ni mimi na Muigai tu tunaojua.

Sasa Muigai anataka kwenda Mwihoko amweleze mama kabla ya mbio. Anasema hawezi kukimbia huku yule mama anampigia makofi. Mimi nimekataa. Mama ana presha, akisikia hivi tutamzika yeye pia, na asipokufa atamlaani Muigai na mimi nitalazimika kuchagua kati ya mama na mume, na nimeshapoteza ndugu, sina nguvu ya kupoteza mtu mwingine. Nilimwambia amwache mama na hasira zake, marehemu haumii. Tangu hapo hatuongei, analala ameangalia ukuta. Juzi nilikuwa namlisha mtoto, nikataka kumwambia ashike kijiko kwa mkono wa kulia, nikashindwa kulitamka neno hilo, nikatoka nje nikalia, na Muigai akanifuata akaniuliza kama namchukia. Nikamwambia chai inapoa.

Bi. Waridi, nifanye nini ili mume wangu anyamaze na mama yangu abaki na amani yake?

Wamboi, Landless


BI. WARIDI ANAJIBU

Wamboi, pole sana. Barua yako ina doa la mafuta ya kupikia na maandishi yanateremka kila unapoandika jina la Gathogo, nikajua umeiandikia jikoni, umejificha. Sasa futa machozi, maana nitakugombeza.

Unataka mume wako anyamaze ili mama abaki na amani yake. Amani gani hiyo? Mama anayegawa viatu vya mtoto wake kwa wapita njia ana amani? Presha unayoiogopa haingoji Muigai afike Mwihoko. Mama yako anaichochea kila siku kwa hasira, na hasira yenyewe imetokana na maneno ya mtu aliyetaka kuwafariji bila kujua anachosema. Wewe sasa unajua, na bado umeyaacha maneno hayo yaendelee kumla.

Halafu ukapata ujasiri wa kuandika kwamba marehemu haumii. Sawa, haumii. Lakini ana jina, na jina hilo linachafuliwa mbele ya kanisa zima wewe ukiwa umekaa hapo na unajua ukweli. Muigai ana wewe. Mama ana wanawake wenzake wa kumliwaza. Gathogo ana nani wa kumsemea, kama si dada yake?

Kuhusu kosa, nimelitafuta katika barua yako yote nikalikosa. Muigai alilisema neno kama walivyomzoesha Thika, Gathogo akalipokea kama walivyomzoesha Ruiru, kila mmoja akafanya sawasawa, na ndiyo maana inauma hivi. Ingekuwa nafuu kama kungekuwa na dereva mlevi wa kumlaumu. Hayupo. Usimruhusu mtu yeyote, hata awe mchungaji, akutafutie mwenye kosa ili habari ieleweke vizuri.

Sasa fanya hivi. Jibu hili nimekutumia wewe kwanza, gazeti lenyewe linatoka Jumatano ijayo. Majina yenu nimeyabadilisha, lakini watu wa baiskeli huko kwenu watajitambua mara moja, na habari itafika kwa mama yako kupitia mdomo wa mtu mwingine. Kwa hivyo ni Jumamosi hii, mchana, mama akiwa amekula na amemeza dawa zake. Siku ya mbio itakuwa mmechelewa. Muigai asiende peke yake. Mkwe hapeleki maneno mazito kwa mama mkwe bila mtu wa kumsindikiza, hilo mnalijua kuliko mimi, basi mchukueni Kiilu, ndiye aliyeona kwa macho yake. Mwambieni jirani mmoja mnayemwamini akae karibu, mama akizidiwa apelekwe hospitali bila kuzungushwa. Mtoto mwachieni mtu.

Na Muigai naye nina maneno naye, msomee. Bwana, usipige magoti kwa huyo mama, wala usilie mpaka yeye ndiye akubembeleze. Huendi kwake kujitua mzigo. Sema ulichosema barabarani, eleza Thika mnamaanisha nini na Ruiru wanamaanisha nini, Kiilu aseme alichoona, halafu unyamaze. Akikufukuza, toka. Akikulaani, toka vilevile, bila kujibu. Mbio za Ruiru utazikimbia akikuambia tena ukimbie, na asipokuambia utakaa nyumbani na mtoto. Na kabla hamjapanda baiskeli tena pamoja, watu wa Thika na watu wa Ruiru mkae chini mkubaliane neno moja. Mkishindwa kukubaliana, kila mtu aendeshe peke yake na apigwe na upepo wake.

Wewe Wamboi, mume akifukuzwa usimfuate. Baki na mama, lala huko hata wiki nzima, pika, fua, usimtetee mtu. Unaandika kwamba utalazimika kuchagua. Nani amekuambia uchague? Sijaona mahali popote ambapo mama amesema hivyo, wala Muigai. Ni woga wako unaosema, na umeusikiliza vya kutosha.

Halafu kuna ile chai. Mtu alikufuata nje, akakuuliza kama unamchukia, ukamwambia chai inapoa. Mimi naamini kuna saa unamchukia. Sikushangai, na yeye hatashangaa. Mwambie hivyohivyo kabla hamjafunga mlango Jumamosi, kwamba kuna saa unamchukia na kwamba kutoka Mwihoko utarudi nyumbani kwake. Hayo mawili anaweza kuyabeba pamoja. Kimya chako ndicho kinachomlaza akiangalia ukuta.

Mkifika, usimwache Muigai aanze. Anza wewe, na usianze na habari za shimo wala za baiskeli. Mama yako anaamini amezika mtoto aliyekataa kusikia, na mtoto wa namna hiyo ameshindwa kumlilia. Kaa karibu naye, mshike mkono, umwambie kwamba Gathogo alisikia. Alisikia vizuri kabisa, na akafanya kama alivyoambiwa.