Magauni ya Kuitosha Sanamu

Shangazi mpendwa,

Pole na miguu. Mimi mzima, ila nimefura kwa hasira!

Ulinifundisha kupima mtu kabla ya kukata kitambaa. Basi hapa dukani, nikijifunza kupanga oda za nguo, nilihesabu wateja kwa miezi mitatu: wanaotoka mikono mitupu ni kina mama wenye miili yao. Nikawaandikia oda. Meneja akaichana: "Sisi tunavalisha warembo!" Akaagiza magauni ya kuitosha sanamu ya dirishani. Yamedoda yote. Jana kikaoni, bila haya, kasema mpango ulikuwa wangu. Nimefukuzwa.

Nimekutumia gauni moja, ndilo walilonipa kuniaga. Halitakuingia hata mkono. Lichane, ufutie mafuta ya cherehani.

Mwanao,
Sindano