Upande wa Pili wa Karatasi

Makiso, Kisangani
Jumapili, baada ya misa ya pili

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu bibi yetu Koko, halafu Timothée ambaye najua ndiye anayekusomea. Goti lako linaendeleaje? Isaïe wa baleinière, ile mashua ya mizigo, ameniambia kwamba siku hizi unalifunga kitambaa kabla ya kushuka mtoni. Koko anakula vizuri? Na yule kuku mweupe alirudi, ama amekwisha kuwa mboga ya jirani? Mimi huku ni mzima. Ndugu yako Tonton Gédéon anakusalimia sana, anasema bado anakumbuka pondu yako ya Noeli, ile ya majani ya muhogo, na kwamba hapa mjini watu wanapika majani tu. Shule inaendelea. Kifaransa hakinisumbui, lakini hesabu bado zinanipiga.

Timothée, mdogo wangu, soma polepole. Usiruke kitu, hata ukiona kitu ambacho kitamuumiza Mama. Na ukifika chini ya ukurasa usiikunje karatasi.

Mama, najua utajiuliza kwa nini nimeandika, wakati siku zote nakutumia sauti kwenye kadi ya simu. Nimeshika simu ya tonton mara tatu wiki hii, nikabonyeza kurekodi, nikafuta. Kalamu haitetemeki sana kama koo langu. Tena sauti yangu imekwisha kusema mengi huko kwenu.

Sijawahi kukueleza vizuri namna kazi ile ya kurekodi ujumbe ilivyoanza. Wewe ulipokea sauti tu, ukafurahi. Bon, ilikuwa hivi. Unakijua kibanda cha tonton karibu na bandari, pale anapochaji simu za watu na kuwatilia nyimbo kwenye kadi. Siku moja alikuja bwana mmoja, Monsieur Osée, agronome, bwana wa kilimo, wa mradi unaochunguza muhogo. Alisema wamefanya utafiti miaka mitatu, wameandika karatasi nyingi, na karatasi zenyewe zinalala kwenye kabati. Wakulima hawazisomi, na ukipita Yanonge kidogo mtandao unakufa. Donc alitaka maneno yale yasemwe kwa Kiswahili chetu, yawekwe kwenye kadi, kadi zipande baleinière, na huko watu wapeane wenyewe, simu kwa simu, kama wanavyopeana nyimbo. Yeye ni mtu wa Mbandaka, Kiswahili anasikia salamu tu. Akauliza kama kuna mtu anayejua Kifaransa cha kitabu na Kiswahili cha nyumbani. Tonton akaninyooshea kidole pale nilipokuwa nimejificha nyuma ya nyaya, akamwambia kwamba iko huyu mutoto, hasemi, lakini anasoma kama padri. Watu wote wa kibanda wakacheka. Mimi nikaangalia miguu yangu.

Unanijua, Mama. Unakumbuka siku niliyopewa kusoma somo la kwanza kanisani, sauti ikakwama, ukanionyesha kitambaa chako cha kichwa ili nisome nikikiangalia hicho tu. Basi kwa Monsieur Osée nilifanya vilevile. Nilifumba macho, nikawaza kile kitambaa chako cha njano, nikasema na wewe peke yako. Ndiyo maana watu walisema kwamba sauti ile ni kama ya mtu anayemwambia mama yake jambo. Ilikuwa kweli.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa juu ya nafasi kati ya shimo na shimo. Wa pili ulikuwa juu ya kuchagua miti mizuri, vile vijiti vya muhogo vya kupanda. Isaïe akaniletea habari kwamba wamama wa kwaya wanakusanyika kwako baada ya misa, kwamba unaweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti itoke kubwa, na kwamba wamekupa jina la Mama Radio. Alisema ukishafungua unakaa kando, mikono magotini, na mtu akikohoa unamkazia jicho. Nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi nyumbani, hata mtu wa toleka aliyenibeba kwenye baiskeli yake akageuka na kuniuliza kama nimepata mchumba.

Halafu ukaja ujumbe wa tatu, ule wa ugonjwa unaooza muhogo ndani. Habari zenyewe unazijua kuliko mimi, maana ziliingia shambani kwako. Lakini nataka ujue namna zilivyonifikia. Mara ya kwanza Isaïe alishuka na mzigo wa kwanga, mikate yetu ya muhogo, usio wa kawaida, akasema kijiji chote kinatwanga na kufunga, mihogo imelowekwa mpaka kijito kinanuka, na Yanonge kwanga zimekuwa nyingi mpaka watu wanazikataa. Alisema mlisikia ujumbe, mkang'oa kila shina lenye majani ya njano, mkachoma miti yake. Alisema wewe ulikuwa wa kwanza, ulimaliza shamba lote siku mbili, ili wenzako wasiseme kwamba Mama Radio anasikiliza tu. Nikamuuliza mihogo yako ilikuwaje ndani. Akasema ilikuwa myeupe kabisa. Eti mama Fortunée wa kwaya alikuuliza kwa nini ung'oe muhogo mweupe, ukamjibu: mutoto amesema, na mimi ni nani niwashinde wenye kusoma?

Mara ya pili hakuleta kwanga. Alisema chakula kimekwisha na miti ya kupanda hakuna, mmeichoma yote, na ng'ambo kwa yule mwenye mtumbwi pia hakuna kwa sababu na wao walisikia. Alisema wamama wanakupitia njiani na kukuomba uwafungulie wimbo mwingine, labda huo utaotesha muhogo. Na kwamba wewe hukugombana nao. Uliwaambia tu kwamba Prudence alisema vizuri, ni wewe ambaye hukusikia vizuri, sikio lako moja limezeeka.

Mama, neno hilo halijanitoka. Nalala nalo, naenda nalo shule. Papa wetu bado yuko Basoko kuvua samaki, hajui kwamba akirudi hatakuta hata shina moja la kuegemeza nyavu zake.

Nilijaribu kuurekebisha ujumbe ule. Nilijirekodi mwenyewe kwa simu ya tonton, nikaeleza namna iliyo sahihi ya kufanya, nikampa Isaïe kadi mbili. Aliporudi alisema watu wamekataa kuiweka. Waliuliza itakuwaje sauti ileile iseme maneno mawili. Mmoja akasema hiyo ya pili ni ya wachuuzi wanaotaka kuwauzia miti, wameiba sauti ya mtoto.

Na juzi alikuja kibandani mama mmoja anayeuza samaki wa kukausha, anatoka Barumbu, mbali kule. Alileta simu ichajiwe, na alipoiwasha ili ajaribu nikasikia mimi mwenyewe natoka ndani yake, naomba watu wang'oe na wachome. Nikamuuliza aliitoa wapi. Akasema kwa shemeji, aliyeipata kwenye mashua, kwa mtu ambaye hamjui. Nikamwambia polepole kwamba asifuate, ujumbe ule haukukamilika. Akaniangalia, akaniomba niongeze sauti kwa sababu hasikii, nikarudia, akacheka sana. Akasema mimi ni mutoto wa chaji tu, na huyu anayesema ni madame docteur wa muhogo, usikie namna anavyosema bila woga. Kisha akalipa, akaichukua simu yake na kuondoka nayo. Nilimfuata mpaka kwenye ngazi za bandari. Sikuweza kumwita.

Hapa nimefika chini ya ukurasa. Timothée, geuza karatasi.

Mama, ulisikia vizuri. Sikio lako halina kosa hata moja. Mimi ndiye sikusema.

Ile karatasi ya Monsieur Osée ilikuwa imepigwa chapa pande zote mbili, imejaa kama hii. Asubuhi ile niliisoma yote nikiwa kwenye toleka, na nilielewa yote. Tukaingia chumba cha mradi. Alikuwepo Yannick, kijana aliye kwenye stage ya kujifunza kazi, ndiye aliyeshika simu ya kurekodia. Nilipoanza sauti ilitetemeka, nikasimama. Nikaanza tena, nikasimama. Yannick akaniigiza, akalia kama mbuzi, akasema tumeleta docteur wa muhogo ama mbuzi wa Pasaka. Wenzake wawili mlangoni wakacheka. Hata Monsieur Osée alitabasamu kidogo, si kwa ubaya. Mimi nikakitafuta kitambaa chako kichwani mwangu, sikukiona. Nikasoma upande wa kwanza mbiombio, kwa sauti moja, bila kupumua. Ndiyo maana yule mama wa Barumbu anadhani sina woga.

Nilipofika chini Monsieur Osée akaniuliza kama ni hayo tu. Kidole changu kilikuwa upande wa nyuma. Ningegeuza tu. Yannick alikuwa bado ananingojea na meno yake nje. Nikasema oui, ndiyo, ni yote.

Nilitaka kutoka tu mle ndani, Mama. Hakuna sababu nyingine. Nimeitafuta nyingine ili nikuletee, sikuipata.

Upande wa pili ulisema hivi, nakuandikia sasa kama nilivyopaswa kusema siku ile. Majani ya njano peke yake si ushahidi, yanaweza kuwa uzee wa jani ama udongo wenye njaa. Pasua kwanza muhogo uangalie ndani. Ukiuona na madoa ya kahawia, ng'oa shina hilo. Ukiuona mweupe, liache shina lake na majirani zake. Na usichome miti yako yote kabla hujapata mingine, kwa sababu miti safi ya mradi ni michache na haitafika kabla ya msimu ujao.

Wewe ulipasua, Mama. Uliona weupe. Ulijua kazi yako bila karatasi ya mtu, na ni mimi niliyekufanya usiamini macho yako.

Monsieur Osée hajui. Jumatatu iliyopita nilikwenda ofisini kwake kumwambia. Nilikuta wageni, amewafungulia sauti yangu kwa baffle, spika kubwa, akanishika bega na kuwaambia ndiye huyu. Wakapiga makofi. Nikawasalimia, nikarudi nyumbani. Sikudanganyi kwamba kesho nitaweza. Nikisema nitaweza, hilo nalo litakuwa oui kama lile.

Miti sina. Nimezunguka soko, nimemuuliza kila anayeshuka na majani ya pondu, wanacheka kwamba mtu wa mjini anataka vijiti. Nimepata kumi na moja kwa mama mmoja anayelima nyuma ya nyumba yake. Nimevifunga kwenye gunia lililolowa maji, nitampa Isaïe pamoja na barua hii. Kumi na moja, Mama, kwa shamba lote. Najua. Hata mstari mmoja havijazi.

Kitu kimoja tu naweza kukuomba. Jumapili ijayo wamama wakikusanyika, usiwaambie tena habari ya sikio. Mpe Timothée barua hii awasomee, upande huu hasa. Wakikasirika wanikasirikie mimi, waniite wanavyotaka, hata mbuzi. Na kama wewe hutaki isomwe, ni sawa pia, shamba lilikuwa lako. Lakini mimi nakuomba isomwe.

Nisalimie Koko, umwambie sijasahau kumtafutia ugoro. Wasalimie mama Fortunée na wote wa kwaya, kama watakubali salamu yangu. Papa akirudi, mngoje ale kwanza, halafu ndiyo umwambie. Goti ulikande maji ya moto, usilidharau.

Isaïe anapiga filimbi huko chini, wanafungua kamba. Nimeijaza karatasi pande zote mbili, angalia mwenyewe, hakuna mahali peupe palipobaki.

Ni mimi mtoto wako,
Prudence