Seif Wangu Kawa wa Pili Kwenye Theluji

Darsait, Jumanne, Mfunguo Mosi, 1970

Seif wangu kawa wa pili! Wa pili katika vijana wote wa milima ile, kwenye mashindano ya kuteremka theluji kwa mbao, na kikombe chake hiki hapa juu ya kabati langu kinang'aa kama jua.

Sasa ndiyo nasema salaam, na habari za leo ni njema. Upepo unatoka majabalini tangu asubuhi, baridi, nimejifunga shali mbili. Mbili! Na mwanangu huko anashindana juu ya barafu.

Kikombe kakileta Bwana Rashid, rafiki wa kaka yangu Khalfan, aliyeshuka kwenye ndege jana. Khalfan ndiye aliyemchukua Seif mwaka sitini na nne, tulipokimbia Unguja. Yeye alikuwa keshapata kazi ya hospitali Austria, na mimi na baba yake hatukujua hata tutalala wapi. Mtoto alikuwa na miaka kumi na moja. Sisi tukaishia Dubai, mpaka mwaka huu Maskati ilipofunguka tukaja. Seif sijamtia machoni tangu siku ile.

Huko skuli watoto wote wanateleza kwenye theluji, kama wetu walivyokuwa wakiogelea. Khalfan anasema mwaka wa mwanzo Seif alianguka kila siku, anarudi nyumbani karowa kama kifaranga, na asubuhi yeye ndiye wa mwanzo mlangoni. Mimi sikushangaa. Nani asiyemkumbuka kule kwetu Unguja, alivyokuwa akikalia karara la mnazi na kuporomoka nalo kilimani mpaka kaptula zake zote zikawa na madirisha nyuma?

Bi Zuwena wa nyumba ya pili kaja leo kabla sijamaliza kuosha vyombo. Akakipindua kikombe juu chini.

"Wa pili? Na wa kwanza nani?"

"Mtoto wa kule kule, aliyezaliwa miguu imo ndani ya theluji. Mtoe huyo, wa kwanza nani?"

"Haya shoga, Seif," akacheka. "Na chai haiingii humu?"

Nikamtilia humo humo, akanywa kwa adabu.

Lakini jana Baba Seif hakucheka. "Kushuka?" alimuuliza Bwana Rashid. "Watu wanapewa kikombe kwa kushuka mlima? Basi mbuzi wa Jabal Akhdhar wangekuwa na makabati ya vikombe!"

Bwana Rashid mtu mstahamilivu. Akaeleza kuwa mlimani zimechomekwa fito, unapita moja kulia, moja kushoto, saa inakuhesabia, na ukiikosa fito moja umetolewa. Na mwendo wenyewe, akasema, gari hapa Maskati hazijaufikia.

Kisha akatoa alichotumwa. Mwalimu wao anataka kumtia Seif kwenye timu ya vijana, ashindane msimu wote wa baridi, na miaka ijayo Mungu ndiye ajuaye. Seif anakuja kututazama kwa siku chache tu. Kurudi kwake kuingia timu kunataka radhi ya wazazi, baba na mama. Bila neno letu sote wawili, Khalfan hatii saini.

Baba Seif alikwishasema tangu Ramadhani: mtoto akija, harudi. Serikali mpya inatafuta vijana waliosoma, kazi zinawangoja. Jana akalirudia neno lake mbele ya mgeni.

Na mimi sikumpinga, maana nilikuwa nataka vile vile.

Acha niseme kweli. Mchana najisifu kwa majirani, na nikikaa kwenye msala naomba timu yao ijae watu, Seif akose nafasi.

Bwana Rashid kaleta na picha. Seif kasimama kando ya yule wa kwanza, mrefu, na masharubu yanaanza. Masharubu! Nilimwacha sauti yake bado ya kitoto. Wenzake wamevaa kofia za sufu. Yeye kavaa kofia yangu, ile nyeupe ya vitobo niliyomshonea kwa mkono Dubai nikampelekea. Bwana Rashid anasema kofia ngumu ya mashindano huivaa juu ya hiyo, na akifika chini huvua ile ngumu tu.

Asubuhi nikaitafuta picha, haipo. Nikamshuku Bi Zuwena, Mungu anisamehe. Kumbe Bi Zuwena ndiye aliyeniletea habari, karudi kutoka sokoni anacheka hadi mtandio unamvuka.

"Mama Seif, mumeo yuko Matrah kashika picha, kila apitaye anasimamishwa! 'Ukiikosa fito moja umetolewa,' anawaambia, kama kashuka yeye!"

Baba Seif kaingia saa ya chakula. Karudisha picha mahali pake, kanawa, kala wali wake. Mwisho akasema, "Mwendo ule, Mama Seif, mbuzi hauwezi."

Akanawa tena mikono.

"Mimi nimeridhia," akasema. "Limebaki neno lako."

Nikatoka nje nikajidai kuanua nguo. Hazikuwa zimekauka. Miaka sita namngoja, na sasa kufuli la mlango niko nalo mimi.

Baada ya Alasiri nikatoa kitambaa cheupe sandukuni. Kile kichwa cha kwenye picha si kichwa nilichokishonea mie. Nikampima baba yake, maana bila shaka wamelingana sasa, naye katulia kama mtoto anayenyolewa. Nikakata, nikatoboa kitobo cha mwanzo.

Kofia ya mkono ni kazi ya miezi. Haitakuwa tayari siku anaondoka.

Itamfuata huko huko kwenye theluji.

Baba Seif kaona sindano, kaona kitambaa. Kaniwashia taa tu.

Mwanangu anafika Alkhamisi. Siku hiyo ni yangu peke yangu, mtu asinibishie hodi. Lakini wa Darsait na wa Matrah, na wale wa Ansab walioniuliza theluji ni kitu gani, na yeyote aliyesimamishwa na Baba Seif njiani, nawataka wote hapa nyumbani, chai watanywea kikombeni kwa zamu: Ijumaa, baada ya Sala.