Ulijua Mguu Umevimba

Mwalimu,

Ya kukushukuru niliyamaliza siku tuliyokuzika. Pale nyumbani kwako Somanda walinisukuma mbele niseme kwa niaba ya wachezaji wako wa zamani, na nilisema vizuri sana. Mama Neema, mkeo, alilia, na mimi nikalia. Nilisema kwamba ukocha wangu wote umetoka kwako, nikarudia maneno uliyoniambia wakati wa mapumziko ya ile fainali ya vyuo vya ualimu: "Siwezi kukutoa, ng'wana wane, mwanangu. Hii timu ni wewe."

Laiti ningeondoka zangu saa ileile.

Tulipokuwa tunanawa mikono baada ya kula, alinifuata mzee Jilala, dereva wa gari la chuo enzi zetu. Unamjua, hawezi kukaa na jambo. Akanishika bega, akacheka kidogo. "Ila Masanja, nyie vijana mlikuwa hamjui. Mwalimu asingekutoa hata ungevunjika. Tulishaambiwa kule kwa mganga wa Mwandoya, namba kumi asitoke mpaka filimbi ya mwisho. Akitoka, dawa inaharibika."

Nilidhani ananitania. Akaapa. Akanieleza mlivyokwenda kwa huyo mganga, wewe na yeye tu, na njiani ukamwambia asiseme, maana watu wa kanisani wakisikia itakuwa balaa kwako. Wewe, mzee wa kanisa, uliyetuombea kabla ya kila mechi!

Mganga hanisumbui. Timu gani huku haina kamati ya ufundi ya kwenda kwa waganga? Ungeniambia mwenyewe tungecheka. Kinachoniuma ni kwamba lile neno nililokuwa nimelishika miaka kumi na moja halikuwa langu. Lilikuwa la jezi. Angevaa namba kumi mtu mwingine, angeambiwa yeye.

Nani mwingine alijua habari za mguu wangu? Niliumia Alhamisi mazoezini, nilipokanyaga shimo karibu na goli. Ulinipeleka stoo ya michezo, ukafunga kifundo bandeji kwa mikono yako, taratibu, huku ukinipa pole kama mtoto. Ukaniambia nisimwambie mtu, hata wa chumbani kwangu, maana wapinzani wakisikia wataupiga huohuo. Nikakuahidi. Nilijisikia mtu mkubwa, Mwalimu, kuwa na siri na wewe.

Kipindi cha kwanza nilivumilia. Mapumziko nikakwambia sisikii vidole, ndipo ukanijibu yale maneno. Kwa maneno yale ningecheza hata na mguu mmoja, na kweli ndivyo nilivyocheza. Dakika za mwisho nikarudisha pasi kwa kipa, mguu ukakataa, mpira ukafia njiani. Mshambuliaji wao akaukuta. Bao, na mechi ikaishia hapo.

Kabla hata sijavua viatu watu walikuwa wanasema nimeuza mechi. Baba alikuwepo. Alikuwa ameacha palizi ya pamba Shishiyu, akapanda lori na majirani kuja kumwona mwanawe. Akanijia mbele ya wale majirani, akauliza neno moja, "Walikupa nini?" Nikakutazama wewe. Ulikuwa unakusanya mipira. Ukaendelea kukusanya mipira.

Sikujitetea. Nilikuwa nimekuahidi, halafu nani humsikiliza aliyeshindwa akisema mguu ulimuuma? Nilisubiri useme wewe. Nikasubiri usiku ule, nikasubiri mahafali. Watu wa timu ya mkoa waliokuwa wakiniulizia wakanyamaza. Nikapangiwa kufundisha hapa Bariadi, nikaanza kukusanya watoto wa mtaani jioni na kuwafundisha mpira. Nawe ukawa unakuja! Ukakaa pembeni ya uwanja wangu, ukawasahihisha watoto jinsi ya kurusha mpira, ukala ugali kwangu na kumsifia mke wangu mlenda. Muda ulikuwa nao, Mwalimu. Ulikuwa nao tele.

Sasa nikupe habari za tangu uondoke. Timu ya wasichana imefika nusu fainali. Namba kumi wangu anaitwa Kabula, ana miaka kumi na mitatu, ana jicho la pasi ambalo wewe ungelipenda. Jumamosi iliyopita, kwenye hiyo nusu fainali, alitua vibaya, akainuka anachechemea. Tulikuwa nyuma kwa bao moja. Akaniambia, "Kocha, naweza." Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Siwezi," nikaanza, na nilijua kinachofuata, kwa sababu watoto hawa nimeshawaambia maneno yako mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nikasita. Alikuwa ananitazama kwa imani ile ile ya kijinga niliyokuwa nayo mimi.

Nikamtoa. Alilia, alinikasirikia, tukafungwa la pili.

Wazazi wakaanza kunung'unika, mmoja akasema huyu mtoto anadeka tu. Nikawaendea, nikawaambia: "Kabula ameumia. Nimemtoa mimi. Lawama ni zangu." Wakachukua watoto wao, wakaenda. Imeisha hivyo.

Hapo ndipo hasira zilinipanda kweli, Mwalimu, hata kuliko msibani. Kumbe ni jambo dogo hivyo! Sentensi tatu. Sikupungukiwa kitu. Wewe ulizikosa sentensi tatu kwa miaka kumi na moja, ukijua baba yangu anapokea sukari ninayompelekea, ananisalimia vizuri, anauliza habari za watoto, na hajawahi kuja kutazama mechi hata moja ya timu yangu. Ulijua. Niliwahi kukuambia mwenyewe, hapo mezani kwangu, ukasema wazee wana mambo yao.

Nisikudanganye, nimekukumbuka pia. Jana nilipiga filimbi mazoezi yaishe, nikageuka kukuuliza umeonaje.

Ahadi ya kunyamaza niliyokupa stoo nimeitunza mpaka umezikwa, na sasa naivunja. Hii ndiyo ahadi yangu mpya kwako: Jumapili nakwenda Shishiyu. Baba amezeeka, sitaki naye afe akiamini niliuza mechi. Nitamwambia mguu ulikuwa umevimba, na kwamba mwalimu wangu aliufunga kwa mikono yake. Najua atauliza, "Sasa mbona hakusema?"

Ulale salama, Mwalimu wangu. Siku zote nimekutetea. Kwa swali hilo, sitakutetea.

Masanja