Siku Masera Aliposema "Ho freddo"

Alhamisi, Uvira. Joto la leo halina adabu. Ziwa limetulia, hakuna hata upepo mdogo, na mashuka niliyoanika asubuhi yalikauka kabla sijamaliza chai yangu.

Lakini leo silalamiki.

Miezi mitano sasa Masera Agata, mtawa mzee Mwitaliano wa parokia yetu, ananifundisha lugha yake. Nikipata viza nitakwenda kwao kusomea uuguzi. Somo analolipenda ni baridi. Anasema huko nitalia kwa baridi kabla hata ya kuomba chakula. Basi kila tukianza ananiuliza hali, na mimi, jasho likinitiririka shingoni, najibu: "Ho freddo." Nasikia baridi. Naongeza "Sto gelando," yaani naganda, huku nimejikumbatia kama mtu wa Bijombo, kule milimani kwenye baridi, alfajiri. Yeye hucheka mpaka anavua miwani.

Juzi mchana nilimkuta barazani kwenye kiti chake. Akaanza yeye: "Ho freddo."

Nikafurahi! Nikajibu upesi, "Anch'io! Sto gelando!" Hata mimi, naganda! Akarudia, polepole. Nami nikarudia, nikijitahidi kutamka kama yeye. Mara ya tatu ndipo nilipoona kitenge amekivuta hadi kidevuni, na meno yanagongana.

Huku kwetu mtu akijifunika saa saba mchana, hata mtoto anajua ni malaria. Angesema kwa Kiswahili ningeruka palepale. Alisema kwa Kiitaliano, nami nikawa najipa maksi.

Mimi, ninayetaka kuwa muuguzi. Naandika hili kwa aibu.

Nilipiga kelele, mpishi na mlinzi wakaja, tukampeleka hospitali kwa gari la parokia. Mama yangu alipofika na uji, alinitazama kwanza. "Masera iko na baridi, na weye iko nafanya masomo tu?"

Jana hakunitambua kabisa. Niliketi kando ya kitanda nikiangalia serumu, ile dripu ya mkononi mwake, ikidondoka, nikamwambia Mungu kama ni lazima achukue kitu, achukue ile viza, aniachie huyu bibi. Sijui kama sala ya namna hiyo inaruhusiwa. Niliisali hivyo hivyo.

Leo mchana alifungua macho, akasukuma blanketi kwa mguu, akasema kwa ukali wake wa siku zote: "Ho caldo."

Nasikia joto.

Nililia mbele ya wagonjwa wote. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Mutoto yangu, umesahau kujibu?"

"Anch'io, Masera," nikasema, jasho na machozi yamechanganyika. Miezi mitano, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwambia ukweli kwa lugha yake.

Nashukuru kwa dawa, kwa uji wa mama, hata kwa hili joto. Asubuhi nitarudi kwake kuendelea na somo. Akiniambia hali yake, nitamshika mkono kwanza, ndipo nijibu.